Siku ya Tatu Mpe Jembe, Lakini Jembe Liko Wapi?

MAONI – Bendera, eneo la Kalemie, jimbo la Tanganyika

Kila anayeongea Kiswahili anaijua methali hii: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wanaitumia kumchoma mgeni aliyekaa sana. Lakini ukiisikiliza vizuri, methali hii haimsemi mgeni peke yake. Inamwambia mwenyeji kwamba siku ya tatu ni zamu yake kutoa jembe. Na inamwambia anayesafiri kwamba kabla ya kufunga mzigo, aulize kama kule anakokwenda jembe lipo, na litachukua siku ngapi kufika mkononi mwake.

Swali hilo linafaa sana Bendera. Bendera iko kwenye barabara ya taifa namba 5, zaidi ya kilomita 100 kaskazini ya mji wa Kalemie, upande wa kuelekea Lulimba, Misisi na Fizi. Kivu ya Kusini ikiwaka moto, watu wanateremka kusini. Mwaka 2025 peke yake, Goma ilianguka mwishoni mwa Januari, Bukavu ikafuata katikati ya Februari, na mwezi wa Disemba vita vikaingia Uvira. Kila mara familia zilitafuta njia: kwa miguu, kwa pikipiki, kwa boti za ziwani. Wengine walitua Kalemie, wengine walivuka mto Rusizi kuingia Burundi, wengine walikata ziwa hadi Kigoma.

Leo wahami wa vita wengi bado wanapima: kubaki hapa, kuteremka Kalemie, au kuvuka? Katika mazungumzo ya jioni swali linaloulizwa mara nyingi ni "Nauli ya boti ni ngapi?" Ni swali la haki, lakini si swali kubwa. Swali kubwa ni hili: nikishafika, watoto watakula nini mpaka siku nitakayopata kazi?

Maoni yanayotetewa hapa ni kwamba familia nyingi hazivunjwi na safari. Zinavunjwa na muda ule ulio kati ya kufika na kuanza kazi. Anayesafiri anatakiwa kuupangia muda huo kuliko nauli, ndugu wanaobaki wanatakiwa kuuheshimu, na wanaopokea wageni, pamoja na Bendera yenyewe, wanatakiwa kuufupisha.

Kila nchi na jembe lake

Wanaotoka mara nyingi wanasikia habari za nchi kwa mdomo wa jirani: "Kule kuna msaada", "kule wanapeleka watu Ulaya". Habari kama hizo hazijazi sufuria. Afadhali kujua kila nchi inampa mgeni jembe gani.

Tanzania inajulikana zaidi huku, sababu iko ng'ambo ya ziwa. Kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita ya mwaka huo, wengi wao kutoka Fizi na Uvira. Kuna watu wazima leo waliozaliwa mle. Lakini sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae kambini, na akitaka kutoka aombe ruhusa. Kufanya kazi nje ya kambi kunahitaji kibali, na kibali si kitu cha kuokota njiani. Maana yake, anayevuka kwenda Kigoma akifikiri atauza vitenge sokoni wiki ya pili, anaweza kukuta jembe limefungiwa ghalani. Usalama ataupata, na hilo si jambo dogo. Lakini asihesabu mshahara.

Zambia iliwapokea watu wa jimbo hili la Tanganyika na wa Haut-Katanga kwa wingi mwaka 2017. Wengi walipita Pweto, wakalala kwanza Kenani, halafu wakapelekwa Mantapala katika wilaya ya Nchelenge. Mantapala ilipangwa kama makao ya kulima: familia inapewa kiwanja cha kujenga na sehemu ya kulima. Hapo jembe lipo kweli. Lakini kutoka kwenda mjini kunahitaji karatasi ya ruhusa, na shamba halizai mwezi wa kwanza.

Burundi ndiyo iliyokuwa karibu zaidi kwa watu wa bonde la Rusizi. Mwanzoni mwa 2025 makumi ya maelfu waliingia kwa wiki chache tu. Wengi walijaa kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, mkoa wa Cibitoke, wakinyeshewa mvua, halafu wakaombwa kuhamia Musenyi, mbali upande wa Rutana. Kuna waliokataa kuhama. Wengine waliwacheka, lakini waliokataa walikuwa na hesabu yao: ukikaa karibu na mpaka, unaweza kuvuka kuangalia shamba lako, kuchuma sombe, kumtafuta aliyepotea. Ukipelekwa mbali, unapata hema lakini unaacha jembe lako la mwisho.

Uganda ndiyo inayopokea wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Sheria yake ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea. Katika makao kama Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, wageni wamekuwa wakipewa kiwanja. Ila viwanja vimekuwa vidogo kadiri watu wanavyoongezeka, na mwaka 2025 PAM, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilipunguza sana idadi ya wanaopewa chakula kwa kukosa feza. Anayechagua mji wa Kampala anaacha msaada wa chakula nyuma. Kule Wakongomani wengi wanaanza kwa kutembeza vitenge na shanga mtaani, na nyumba inaweza kudaiwa kodi ya miezi kadhaa kabla hujaingiza godoro.

Na Marekani? Kwa miaka mingi Wakongomani walikuwa kati ya makundi makubwa waliohamishiwa kule kutoka makambi ya Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda. Mkimbizi aliyepokelewa kwa mpango wa serikali ana haki ya kufanya kazi tangu anapofika. Shirika lilikuwa likimsaidia kupata nyumba na vitu vya mwanzo, na msaada huo wa mapokezi ulihesabiwa kwa siku 90. Tiketi ya ndege iliyomfikisha si zawadi, ni deni la OIM lisilo na riba, na barua za kulidai zinaanza kufika baada ya miezi kama sita. Mpango wenyewe ulisimamishwa Januari 2025, na watu waliokuwa wameuza kila kitu wakingoja ndege walibaki mikono mitupu. Hilo nalo ni somo: usiuze jembe ulilo nalo kwa sababu ya jembe ulilosikia habari zake.

Ukiziweka nchi hizi pamoja, unaona jambo moja. Kuna nchi zinazotoa chakula bila kazi, nyingine zinatoa ardhi bila mtaji, nyingine zinatoa ruhusa ya kazi bila chakula. Hakuna inayotoa vyote siku ya kwanza. Kati ya kufika na kujitegemea pana shimo, na shimo hilo linajazwa na feza kidogo ya mgeni mwenyewe, au na deni.

Feza kidogo, siku nyingi

Tuseme familia ya watu sita imefika ng'ambo, na baada ya nauli imebaki na dola 100. Hapo kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya kawaida. Baba anaona haya kulala kwa watu, anapangisha chumba na kulipa garanti. Wananunua godoro, sufuria mpya, simkadi, na viatu vya mtoto ili asiende shule kama mtu aliyetoka porini. Wiki moja, dola 70 zimekwisha. Kila kitu kilichonunuliwa kilikuwa cha lazima kwa macho ya siku ile. Siku ya ishirini, mama anaanza kukopa unga dukani. Siku ya arobaini anaweka rehani karte ya chakula. Kazi inapokuja mwezi wa tatu, mshahara wa kwanza si wao, ni wa mwenye duka.

Njia ya pili inaanza na hesabu chungu. Dola 60 zinawekwa kwa ajili ya chakula na makala, dola 30 zinawekwa kuwa mtaji wa kazi, dola 10 zinafichwa kwa ajili ya ugonjwa na karatasi. Dola 60 kwa siku 60 ni dola 1 kwa siku. Dola 1 haishibishi watu sita, na hakuna anayedanganyika. Lakini faida yake ni kwamba inasema ukweli siku ya kwanza, badala ya kuusema siku ya arobaini. Familia inajua mapema kwamba lazima mtu atafute kibarua kesho, kwamba bukari italiwa mara moja kwa siku, kwamba kulala kwa ndugu wiki tatu si aibu bali ni dola zinazobaki mfukoni.

Zile dola 30 za mtaji ndizo ngumu kulinda, sababu mtoto akilia usiku, mkono unakwenda kwenye feza. Ndiyo maana afadhali zigeuzwe kuwa kitu haraka: jembe, mkasi na futi ya fundi wa nguo, mashine ya kunyoa, gunia la makala la kupimia watu kidogokidogo, beseni na mafuta ya kukaangia mandazi. Kitu hakiliwi kwa urahisi kama feza.

Kuna mambo mengine madogo yanayookoa. Noti ya dola iliyochanika au yenye tundu inakataliwa huku Kongo, na hata ng'ambo inaleta shida. Noti ndogo za dola 1 au 5, ukizibadilisha Tanzania au Uganda, mara nyingi zinapewa bei ya chini kuliko noti ya 100. Usibadilishe zote siku moja kwa mtu wa kwanza anayekuita mpakani. Karatasi ni mtaji pia: karte ya uchaguzi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, bulletini ya shule, diploma ya mwalimu au ya muuguzi, karte ya chanjo. Zifunge kwenye plastiki, zibebwe mwilini, na zipigwe picha kwa simu. Mwalimu aliyefika na diploma yake anaweza kupata darasa kambini. Aliyeiacha chini ya kitanda anaanza kwa kueleza.

Na la kwanza kabisa ni kujiandikisha. Kuna wanaoogopa orodha, wanataka kwanza "kuona hali". Kila siku bila jina kwenye orodha ni siku bila karte, na bila karte hakuna chakula, na Uganda hata simkadi inadai karatasi. Anayechelewa kujiandikisha anarefusha lile shimo kwa mikono yake mwenyewe.

Simu kutoka nyumbani

Kuna mzigo mwingine ambao hausemwi sana, sababu unatoka kwa watu wapendwa. Mtu anafika Kampala au Lusaka Jumatatu. Ijumaa simu inalia kutoka Kongo: "Umetusahau? Mtoto wa dada yako amefukuzwa shuleni." Wiki inayofuata ni dawa ya mzee. Wiki nyingine ni mahari. Aliyefika hawezi kusema kwamba analala chini jikoni kwa watu, sababu safari yake iligharimu mbuzi watatu na shamba la baba, na wote walichanga. Basi anakopa ili atume. Anatuma dola 20 ambazo zilikuwa mtaji wake. Huku nyumbani zinaliwa siku nne. Kule yeye amepoteza miezi miwili.

Haitakiwi kumlaumu anayeomba. Anayeomba ana njaa kweli, na umoja wa ukoo ndio uliowafikisha watu wengi ng'ambo wakiwa hai. Lakini mkulima yeyote wa Bendera anajua kwamba anayekula mbegu amekula shamba. Mtu aliyefika bila kazi ni mbegu. Ukimvuna kabla hajaota, familia nzima inapoteza.

Kwa hiyo kabla ya safari, ukoo ukae na kukubaliana waziwazi, mbele ya wazee: miezi sita ya mwanzo hakuna kumuomba feza aliyefika, ila kwa kifo au kwa ugonjwa mkubwa. Simu zipigwe, salamu ziende, mtoto aongee na baba yake. Lakini asiombwe. Na aliyefika naye asiseme uongo. Asitume picha amesimama mbele ya gari la mtu. Picha hiyo ndiyo inayozaa maombi, na ndiyo inayomtuma mdogo wake kuuza pikipiki ili amfuate. Kusema "bado sijapata kazi, nalala kwa rafiki" ni maneno mazito, lakini yanalinda watu wawili.

Jembe la hapa Bendera

Sasa methali irudi kwa mwenyeji. Ni rahisi kuhukumu Tanzania au Zambia namna zinavyopokea watu, na kusahau kwamba Bendera pia ni nchi ya ugenini kwa mama aliyetoka Uvira na watoto watano. Hajavuka mpaka wa taifa, anaongea Kiswahili kile kile, lakini hana shamba, hana mteja, hajui nani anaaminika. Naye yuko kwenye lile shimo.

Familia za wenyeji zimefanya mengi. Zimetoa chumba, chumvi, mkeka. Mashirika ya kiutu yanapofika, yanakuta kwamba usiku wa kwanza na wa pili ulishalipwa na watu wasio na kitu. Jimbo hili lina uzoefu. Wakati wa mapigano kati ya Watwa na Waluba, miaka ya 2016 na 2017, maelfu walijaa pembeni ya mji wa Kalemie, kwenye maeneo kama Katanyika, Kalunga na Kabubili, na hata shule ziligeuka malalo. Kilichoonekana wakati ule kinaonekana tena leo: msaada wa chakula unakuja na kuondoka, lakini anayepata sehemu ya kulima anaacha kungoja lori.

Kwa hiyo jembe la Bendera ni ardhi, na ardhi ipo. Tatizo ni namna inavyotolewa. Mara nyingi mhami anaonyeshwa pori kwa mdomo tu: "Lima hapo." Analifyeka, anapalilia, mihogo inaota. Ikikaribia kuvunwa, mwenye shamba au mtoto wake anakuja na maneno mengine. Mzozo unaanza, na kesho yake unageuka kuwa mzozo wa makabila. Dawa yake haigharimu feza nyingi. Ni karatasi moja: jina la mwenye shamba, jina la anayeazimwa, mipaka ya sehemu, muda wake, na sehemu ya mavuno ambayo mwenyeji atapata, mbele ya chefu wa kijiji na mashahidi wawili, mmoja wa wenyeji na mmoja wa wahami. Muda usipungue mwaka mmoja na nusu. Anayepewa miezi sita hawezi kupanda mihogo, sababu mihogo inadai karibu mwaka, na mingine zaidi.

Hapo pia kuna hesabu ya siku kama ile ya dola. Lengalenga inachumwa baada ya wiki tatu au nne. Matembele yanafuata. Maharagwe yanadai kama miezi mitatu, mahindi mitatu hadi minne, mihogo karibu mwaka. Mhami anayepanda mihogo peke yake atakufa njaa kando ya shamba zuri. Anayeanza na lengalenga karibu na maji, akaweka maharagwe na mahindi mvua inapoanza, na mihogo nyuma yake, amejijengea ngazi ya kutoka shimoni. Mashirika yanayogawa mbegu yazingatie hilo. Mbegu za mahindi zikifika mvua imekatika, ni sawa na kumpa mgeni jembe usiku wa manane. Na familia inayofika Juni au Julai, wakati wa kiangazi, haihitaji mbegu kwanza. Inahitaji mtaji mdogo wa biashara, mfano wa kutoa ndagala ziwani na kuzileta kuuza huku, mpaka mvua irudi.

Jembe lingine ni vikundi vya akiba. Akina mama wa huku wana likelemba na vikundi vya AVEC. Mara nyingi mhami hakubaliwi ndani, sababu wanasema: "Huyu kesho ataondoka na feza yetu." Hofu hiyo ina maana. Lakini kuna njia ya katikati: aingie kwa hisa ndogo, asikopeshwe zaidi ya alichoweka kwa miezi mitatu ya mwanzo, na awe na mwenyeji mmoja wa kumdhamini. Mama aliye ndani ya likelemba hahitaji kuweka rehani karte ya chakula.

Na kibarua kilipwe haki. Kuna wanaofurahia wahami kwa sababu mkono wa kazi umekuwa rahisi: mtu analima tangu asubuhi mpaka jua la utosi, anapewa mihogo michache ya kutosha chakula cha usiku mmoja. Kumlipa mgeni nusu ya anacholipwa mwenyeji ni kumchimbia shimo refu zaidi. Na inamwumiza mwenyeji pia, sababu kesho bei ya kibarua inashuka kwa wote.

"Tukiwapa jembe hawatarudi"

Wako watakaopinga. Watasema kwamba ukimpa mhami shamba, hataondoka tena, na ardhi ya watoto wa Bendera itakwisha. Ni hofu ya kweli, na haitakiwi kudharauliwa mahali ambapo vita vingi vimeanzia kwenye mipaka ya mashamba. Ndiyo maana karatasi ni muhimu: inasema wazi kwamba ardhi imeazimwa, haijauzwa. Inamlinda mwenyeji kuliko inavyomlinda mgeni.

Lakini historia ya ziwa hili inaonyesha kwamba watu wanarudi. Waliokimbilia Tanzania miaka ya tisini walianza kurudishwa na HCR kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka mwaka 2005. Waliokuwa Zambia walipitia bandari ya Mpulungu wakateremka Moba na Kalemie. Hawakurudi kwa sababu walikosa chakula kule. Walirudi kwa sababu vita vilipungua na mashamba yao yalikuwa yanawaita. Na aliyerudi akiwa na ufundi mkononi alianza maisha haraka kuliko aliyerudi akiwa amezoea kunyoosha mkono. Mtu aliyeshika jembe ugenini harudi na deni, anarudi na nguvu.

Wengine watasema kazi hii ni ya serikali na ya Umoja wa Mataifa. Ni kweli, na wasiachiwe. Serikali ya jimbo inapaswa kuwaandikisha wahami mapema na kwa uwazi, ili orodha zisijazwe majina ya watu wasiokuwepo. Barabara namba 5 itengenezwe, sababu barabara mbovu inapandisha bei ya chumvi kwa mwenyeji na mgeni vilevile. Lakini tangu misaada ya Marekani ikatwe mwaka 2025, mashirika yenyewe yanafunga ofisi na kupunguza chakula. Anayengoja lori peke yake atangoja sana.

Basi kwa anayepanga kuvuka: usiondoke kabla hujajibu swali la jembe, na usiweke feza yote kwenye nauli. Anayebaki nyumbani ampe aliyefika miezi sita ya kupumua. Na mwenyeji wa Bendera, ambaye amekwisha kutoa chumvi na mkeka wa siku mbili, atoe sasa la tatu: sehemu ya kulima yenye karatasi, nafasi katika likelemba, na malipo ya haki ya kibarua. Njia hii ya Fizi na Kalemie imepitwa na watu wengi kwa pande zote mbili. Anayepokea mwaka huu anaweza kuwa mgeni mwaka ujao, naye atatafuta mtu wa kumwonyesha mahali pa kulima.